Mlimani au Morogoro?

Liko jambo moja linalowasumbua vijana wetu wa kidato cha sita na wazazi wao kila mwaka. Jambo lenyewe ni hili: kijana amefaulu vizuri masomo ya sayansi, amekubaliwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilichoko Morogoro nacho kimemkubali. Je, aende wapi? Mimi ni mwalimu wa Baiolojia, na sikusoma katika chuo chochote kati ya hivi viwili, kwa hiyo nadhani naweza kusema bila kuvutia kwangu.

Zamani swali hili halikuwa kubwa. Mwombaji alipeleka maombi kwa Tume ya Vyuo Vikuu, na Tume ikampangia chuo. Tangu mwaka 2017 kila mtu huomba mwenyewe kwenye chuo anachokitaka, na mwenye alama nzuri huweza kuliona jina lake katika vyuo viwili au vitatu. Hapo Tume humtaka athibitishe chuo kimoja tu, kwa namba ya siri anayotumiwa katika simu, na siku anazopewa ni chache. Siku hizo nazijua vizuri. Vijana waliokwisha kuondoka shuleni tangu Mei hurudi wakakaa katika baraza ya ofisi ya walimu, simu mikononi. Mjomba wa Dar es Salaam ana neno lake, shangazi wa Arusha ana lake, na mara nyingi anayeshinda ni yule mwenye sauti kubwa. Kijana mwenyewe huulizwa mwisho, na pengine haulizwi kabisa.

Nimewasikiliza wakubwa hao kwa miaka kadhaa. Sababu wanayoitoa kwa kawaida ni moja tu, nayo ni jina. Ukisema mtoto wako yuko Mlimani, hakuna mtu wa Singida atakayekuuliza Mlimani ni wapi. Ukisema yuko Sokoine, jirani atakuuliza, "Anasomea ukulima?" na atakuuliza kwa sauti ambayo wewe mzazi hutaisahau upesi. Basi mzazi hukimbilia jina, na kijana hufuata.

Yafaa kwanza tujue kwamba vyuo hivi viwili vilitoka nyumba moja. Chuo cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba, 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilikuwa na wanafunzi wasiofika 20, na wote walisoma sheria. Mwaka 1964 kilihamia kwenye kile kilima nje ya mji, ndiyo maana watu wakakiita Mlimani. Huko Morogoro nako, mwaka 1965, kulifunguliwa chuo cha kilimo cha kutoa stashahada. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilipovunjwa mwaka 1970, na Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kila kimoja kikashika njia yake, kile chuo cha Morogoro kilikuwa Kitivo cha Kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 1974 misitu iliongezwa, na mwaka 1976 tiba ya mifugo. Tarehe 1 Julai, 1984, kitivo hicho kikawa chuo kikuu kamili. Kikapewa jina la Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, aliyefariki kwa ajali ya gari tarehe 12 Aprili mwaka huo huo pale Dakawa, si mbali na mji wa Morogoro. Kwa hiyo anayesema kwamba Morogoro ni mahali pa walioikosa Dar es Salaam, hajui kwamba anamdharau mtoto wa nyumba ile ile anayoisifu.

Mlimani ni mahali pazuri, wala sitaki mtu aseme kwamba nimepaponda. Uzuri wake mkubwa ni upana. Mahali pale pamoja utamkuta mtu wa sheria, mtu wa uhandisi, mtu wa jiolojia, mtu wa historia, mtu wa uchumi, na wale wanaochimba maneno ya Kiswahili wakayaweka katika kamusi. Wanakula pamoja na kubishana pamoja. Walter Rodney alifundisha historia pale, na mwaka 1972 akatoa kitabu chake juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Yoweri Museveni alisoma pale, akamaliza mwaka 1970. Tarehe 22 Oktoba, 1966, wanafunzi walitoka pale wakaandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao kwa mamia, na siku hiyo hiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Nimelitaja jambo hilo ili mwanafunzi ajue kwamba mabishano makubwa ya nchi hii yamepitia kilima kile. Kijana anayependa kusikia hoja na kujibu hoja, anayependa kuwa karibu na mahakama kubwa, mabenki, magazeti na bandari, hatapata mahali panapomfaa zaidi. Tena ile maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 ina nafasi ya wasomaji 2,100 kwa mara moja. Mwanafunzi aliyezoea chumba chetu cha vitabu, chenye viti vya kuhesabu, asije akapotea humo.

Hasara yake ni mji wenyewe. Mabweni yaliyofunguliwa mwaka 2017 yanachukua wanafunzi 3,840, lakini wanafunzi ni wengi kuliko vitanda, na anayekosa bweni hupanga chumba mtaani kwa kodi ya Dar es Salaam. Mji ule pia hula muda wa mtu. Safari ambayo hapa kwetu ungeimaliza kwa mguu asubuhi, kule utaimaliza ndani ya daladala, umesimama, na jasho juu.

Sasa tuitazame Morogoro. Ukitoka Singida, mji huo utaufikia kabla ya Dar es Salaam, kwa kiasi cha kilomita 200 hivi. Tangu mwaka 2024, mtu akifika Dodoma kwa basi anaweza kupanda treni ya umeme akashuka Morogoro siku hiyo hiyo. Chuo kiko chini ya milima ya Uluguru, kikiwa na mashamba yake, mifugo yake na maabara zake. Wanafunzi wa misitu hupelekwa Olmotonyi huko Arusha, na Mazumbai katika milima ya Usambara, wakaijue miti mahali inapoota. Sehemu ya pili ya chuo iko Mazimbu. Pale tangu mwaka 1978 palikuwa na shule ya wakimbizi wa Afrika Kusini ya chama cha ANC, iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mwaka 1979. Mwaka 1992 wenyewe waliikabidhi kwa nchi yetu wakarudi kwao, na majumba yao leo ni madarasa ya Sokoine.

Pana jambo jingine ambalo wanafunzi wangu hulicheka mpaka niwaeleze. Katika chuo hicho, tangu mwaka 2000, wamefundishwa panya. Si hawa wanaokula mahindi yetu ghalani. Ni wale panya buku wakubwa, ambao pua zao ni kali kuliko chombo cha chuma. Shirika moja lililoanzia Ubelgiji, liitwalo APOPO, huwafundisha kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini, na kunusa makohozi ya watu wenye kifua kikuu. Panya mmoja aliyezaliwa Tanzania, jina lake Magawa, alipelekwa Kambodia akagundua mabomu zaidi ya mia moja, na mwaka 2020 chama kimoja cha Uingereza cha tiba ya wanyama kilimpa nishani ya dhahabu. Alikufa mwaka 2022. Nikikumbuka namna tunavyosema "kilimo tu", namkumbuka mnyama huyo. Watu wangapi wa Kambodia wanatembea leo kwa miguu miwili kwa sababu mtu mmoja katika Morogoro alikaa kwa subira akimfundisha panya?

Lakini mzazi wa Singida hataki habari za Kambodia. Anataka kujua habari za hapa. Vema, tuje hapa.

Mkoa wetu una msimu mmoja wa mvua, nao ukituangusha, mwaka wote umeanguka. Tunalima alizeti, uwele, mtama na vitunguu. Tunafuga ng'ombe na mbuzi, na upande wa Itigi na Manyoni watu wanarina asali. Na kuku wetu wa kienyeji wanajulikana mpaka Dar es Salaam. Mwanafunzi anayesoma maneno haya ajiulize karo, sare na nauli yake ya muhula huu ilitoka wapi. Nimewauliza wanafunzi wa darasa langu swali hilo, na mkono baada ya mkono ulinyooshwa: alizeti, kuku, kuku, mbuzi, vitunguu, kuku. Sasa kideri kikipita kijijini mwezi wa tisa au wa kumi, kuku wakalala chini wote kwa juma moja, pale pana mtoto atakayekuja Januari bila fedha, na mwingine hatakuja kabisa. Tunawajua. Majina yao yamo katika madaftari yetu ya mahudhurio, na mbele ya jina pana mistari mitupu.

Ugonjwa huo una chanjo. Ni tone moja katika jicho, kila baada ya miezi mitatu au minne. Iko aina iitwayo I-2, ambayo asili yake ni Chuo Kikuu cha Queensland huko Australia, na ambayo haiharibiki upesi kwa joto, hata mtu wa kijijini asiye na friji anaweza kuitumia. Dawa ipo. Linalokosekana ni mtu anayejua, aliye karibu, na anayeaminiwa na akina mama wenye kuku. Alizeti nayo ni hivyo hivyo. Tunauza mbegu kwa gunia, tunanunua mafuta kwa chupa, na nchi yetu bado inaagiza mafuta ya kula kutoka ng'ambo. Baina ya gunia na chupa pana kazi nyingi: kuchagua mbegu inayostahimili ukame wetu, kukamua, kusafisha, na kutengeneza chakula cha mifugo kutokana na mashudu. Elimu ya kazi hizo ndiyo inayofundishwa pale chini ya Uluguru.

Sasa naomba nieleze habari ya nyumba moja, bila kutaja jina wala kijiji. Miaka michache iliyopita kijana wetu mmoja wa PCB alichaguliwa Mlimani kusoma mambo ya mimea, na Morogoro kusoma udaktari wa mifugo. Yeye mwenyewe alitaka mifugo. Tangu kidato cha tano alikuwa akiniuliza maswali ya matumbo ya ng'ombe ambayo mengine sikuweza kuyajibu mpaka nifungue kitabu. Baba yake alisema Mlimani. Zilibaki siku nne za kuthibitisha. Kijana alinipigia simu akaniomba nifike, nami nikapanda pikipiki nikaenda wilaya ya Ikungi.

Mzee alinipokea vizuri, nikapewa kiti na uji wa uwele. Kisha akaniambia, "Mwalimu, nimeuza ng'ombe watatu ili mtoto huyu aache jembe. Wewe umepanda pikipiki kuja kumrudisha kwenye jembe?"

Sikumjibu upesi, maana neno lile lilikuwa na haki yake. Mtu aliyelima mgongo ukapinda katika ardhi ya mawe, akavuna magunia mawili, hawezi kulaumiwa akilichukia jembe. Asiyelijua jembe ndiye anayelisifu. Nikamwambia, "Mzee, ng'ombe wako wangapi walikufa mwaka jana?" Akahesabu kwa vidole: saba. "Waliugua nini?" Akasema hajui, bwana mifugo alifika wakati ngozi zimekwisha kukauka, kwa kuwa kata nzima ni yake peke yake. Tukanyamaza wote wawili. Halafu mzee akauliza swali ambalo naliheshimu mpaka leo: "Huyo anayesomea ng'ombe, ataitwa daktari?" Nikamwambia ataitwa daktari, na masomo yake ni ya miaka mitano. Akauliza kama miaka mitano ni mingi kuliko ya Mlimani. Nikamwambia ndiyo, sheria na uhandisi pale ni miaka minne. Naona jambo hilo lilimtia moyo kuliko yote niliyoyasema kabla. Kijana yule yuko Morogoro, na mzee amenitumia salamu mara mbili, ya pili ikiwa na jogoo.

Pengine wako watakaosema kwamba nimetaja habari hiyo ili kuwasukuma vijana wote Morogoro. Sivyo. Mwanafunzi wa Iramba aliyekulia karibu na Sekenke, mahali palipochimbwa dhahabu tangu wakati wa Wajerumani, na ambaye anataka kuyajua mawe, aende Mlimani akasome jiolojia. Mgodi wa Mang'onyi wilayani Ikungi ulianza kutoa dhahabu mwaka 2023, na ingependeza kuona watoto wa mkoa huu wanaingia humo wakiwa na shahada, si wenye sururu peke yao. Anayeona uchungu kwa jinsi wajane wanavyonyang'anywa mashamba akasome sheria. Ila ajue kwamba baada ya miaka minne, akitaka uwakili, iko Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo inayomngoja, na mlango wake si mwepesi. Anayependa hesabu mpaka anazifanya katika karatasi za vitumbua, huyo simshauri kitu, mwacheni aende.

Ninachokikataa ni kitu kimoja. Katika nchi yetu kijana hachukuliwi na chuo akakaa akichagua somo baadaye, kama nisikiavyo katika vyuo vingine vya Marekani. Huchukuliwa na kozi. Jina la chuo limo katika barua, lakini kozi ndiyo atakayoamka nayo kila siku kwa miaka mitatu, minne au mitano, na kuihama baadaye ni kazi ngumu. Nimeona vijana wakiacha kozi waliyoitaka kwa moyo wao Morogoro, wakashika kozi ya tano au ya sita katika orodha yao Mlimani, ili tu waseme wako Mlimani. Nimeona pia kinyume chake, ingawa si mara nyingi: binti mmoja aliyetaka uhandisi alisukumwa kwenda Morogoro kwa sababu mjomba wake alikuwa na nyumba pale, na kulala kungekuwa bure. Mambo yote mawili ni kosa lile lile. Mkopo wa Bodi anaoupata mwanafunzi ni deni lake yeye. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka liishe, na makato hayo hayatamuuliza mjomba.

Tena mtu asitazame ubao wa mlangoni akadhani amejua yaliyomo ndani. Mlimani nako siku hizi kuna ndaki ya sayansi za kilimo na teknolojia ya chakula. Sokoine nako wanafundisha ualimu wa sayansi, mambo ya kompyuta na utalii. Kwa hiyo mwanafunzi asome kitabu cha mwongozo cha kila chuo, aone masomo ya mwaka wa kwanza mpaka wa mwisho, aone muda wa mafunzo ya vitendo, aone vifaa. Akishayaona hayo, ajiulize anaweka nini mbele. Kama anaweka mbele upana, watu wengi wa namna nyingi, na mji mkubwa pamoja na taabu zake, jibu lake ni moja. Kama anaweka mbele kazi ya mikono na darubini juu ya kitu chenye uhai, katika mji mdogo ambao atatembea kwa miguu kutoka darasani mpaka zizini, jibu lake ni jingine. Asiyejua bado anaweka nini mbele hana aibu yoyote; lakini huyo ndiye anayepaswa kuja kuzungumza mapema, wala asingoje zile siku chache za namba ya siri.

Neno juu ya binti zetu. Mwaka jana mzazi mmoja aliniambia kwamba tiba ya mifugo si kazi ya mwanamke. Nilimuuliza kuku wa nyumbani kwake ni wa nani. Akasema ni wa mama watoto. Nikamuuliza nani huamka usiku mbuzi akishindwa kuzaa. Akacheka, akasema nimemshika. Basi kama kazi yenyewe wanaifanya bila shahada, shahada itawaharibia nini?

Juu ya ajira sitadanganya mtu. Wako waliomaliza Mlimani wanaokaa nyumbani, na wako waliomaliza Sokoine wanaokaa nyumbani. Serikali haiwezi kuwaajiri wote. Wale wanaosimama mbele ya vijana na kusema, "Mwenye shahada ya kilimo atajiajiri," huwa hawasemi fedha za kuanzia zitatoka wapi, na mwenye kusema hivyo mara nyingi analipwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Kijana aliyetoka chuoni na deni la mkopo, asiye na shamba lenye hati wala ng'ombe wa kuweka rehani, hawezi kuanzisha mradi kwa hotuba. Lakini naona tofauti moja. Mwenye ujuzi wa kuku, nyuki au mbegu, akingoja ajira hapa Singida, anangoja mahali ambapo ujuzi wake unahitajika jioni ile ile aliyoshuka kwenye basi. Jirani atamwita. Hatalipwa vizuri, pengine atalipwa yai, lakini hatakaa bila kuitwa, wala ujuzi wake hautaota kutu.

Mwisho nina maombi mawili kwa shule yetu. La kwanza, pale gwaride la asubuhi linapotangaziwa matokeo ya vyuo, tumezoea kusoma idadi ya waliokwenda Mlimani kwanza, na makofi yakapigwa, kisha wengine wanasomwa kwa pamoja kama mabaki ya sokoni. Naomba tusome jina la kijana na kozi yake: fulani anakwenda kusoma uhandisi wa ujenzi, fulani anakwenda kusoma misitu, fulani anakwenda kusoma ualimu wa Fizikia. Makofi yapigwe sawasawa. Wadogo wa kidato cha kwanza wanasikiliza, na wanachukua humo kipimo cha nani ni mtu na nani si mtu.

La pili, tusingoje mpaka Julai. Kwa ruhusa ya Mkuu wa Shule, nitakaa katika maabara ya Baiolojia kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa nne asubuhi. Nimekwisha kuchapa miongozo ya vyuo vyote viwili, na mwalimu mwenzangu wa Fizikia, ambaye alisoma Mlimani na hakubaliani na nusu ya haya niliyoyaandika, ameahidi kukaa nami meza moja. Wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita waje na orodha ya kozi tatu wanazozitaka, si majina ya vyuo. Wazazi wanakaribishwa, na wasioweza kusafiri wapige simu ofisini siku hiyo kabla ya saa saba, nasi tutazungumza nao mtoto akiwa amekaa hapo hapo anasikia.

Mwalimu wa Baiolojia